Durban na Fomu Isiyotaja Rangi: Tudai Nini Kwenye Dawati la Uhamiaji?



Kila mtu wetu anapokwama kwenye dawati la uhamiaji huku Bondeni, mjadala huwa ni ule ule. Kundi la kwanza husema Waafrika Kusini wana roho mbaya, wamesahau Mazimbu na Dakawa, wamesahau nani aliwahifadhi walipokuwa hawana pa kulala. Kundi la pili husema hapana, tatizo ni sisi wenyewe, tumezidi kuzamia meli na kuchonga vyeti, kwa hiyo tukome. Tunarushiana maneno siku mbili tatu, halafu tunanyamaza mpaka akwame mwingine.

Mimi naona pande zote mbili zinaikwepa hoja. Sina ugomvi na nchi kuwa na karatasi za kuingilia. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia, anatoka wapi na atakaa siku ngapi. Hata kijijini kwetu mgeni hupiga hodi na kungoja akaribishwe. Ninachogombana nacho ni aina moja ya karatasi: ile ambayo jibu lake sahihi analijua afisa peke yake. Unaijaza yote kwa ukweli mtupu, na bado huwezi kujua kama umepita mpaka umtazame usoni yule aliyeishika.

Karatasi ya namna hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa Durban ninapoishi. Tukiijua tutajua na cha kudai, badala ya kulalamika tu.

GATINI, 1897

Desemba 1896 meli mbili kutoka Bombay, Courland na Naderi, zilitia nanga nje ya bandari ya Durban zikiwa na abiria wapatao 800. Mmoja wao alikuwa wakili kijana aliyekuwa anarudi Natal na familia yake, Mohandas Gandhi. Bombay kulikuwa na tauni, kwa hiyo meli zikawekwa karantini. Siku za karantini zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka zikafika 23, huku mjini wazungu wakifanya mikutano ya kudai abiria wale warudishwe walikotoka. Tarehe 13 Januari 1897 ndipo waliporuhusiwa kushuka. Gandhi alipigwa barabarani na kundi la watu, na aliyemwokoa ni mke wa mkuu wa polisi wa mji, Bi. Alexander, aliyejitia kati yake na wapigaji.

Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo na kwetu inaishia hapo. Kwangu sehemu muhimu ndiyo inaanza. Wakubwa wa Natal waliona kwamba kumzuia mtu gatini kwa ngumi ni aibu na hakufai. Harry Escombe, Mwanasheria Mkuu aliyekwenda gatini siku ile kulituliza kundi, mwezi uliofuata akawa Waziri Mkuu wa koloni. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria Namba 14 ya 1897 ya kuzuia wahamiaji.

Sasa isomeni sheria hiyo kwa makini. Serikali ya London haikutaka sheria inayosema waziwazi kwamba Mhindi asiingie, maana Mhindi naye alikuwa raia wa Malkia. Basi sheria ya Natal haikutaja Mhindi, Mwafrika wala rangi yoyote. Ilitaja maskini asiye na kitu, mwenye ugonjwa wa kuambukiza, mhalifu aliyehukumiwa, na kisha ikamtaja mtu ambaye, akitakiwa na afisa, atashindwa kuandika na kusaini kwa mkono wake maombi kwa herufi za lugha yoyote ya Ulaya. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi: jina lako kamili, ulikoishi miezi 12 iliyopita, kazi yako, mahali ulipozaliwa na mwaka. Ukiitazama leo utadhani ni ile kadi tunayogawiwa ndani ya ndege, tunaazimana kalamu na kuijazia magotini.

Mtego ulikuwa sehemu mbili. Wa kwanza ni lugha ya Ulaya. Chukua shehe wa Lamu au Unguja wa enzi zile, aliyesoma tangu utotoni, anayeandika barua, mikataba na tenzi kwa herufi za Kiarabu. Gatini Durban huyo angehesabiwa hajui kuandika. Wa pili ndio mkubwa zaidi, nao umejificha katika maneno machache: akitakiwa na afisa. Maana yake afisa ndiye anayechagua wa kumtaka. Mzungu aliyeshuka melini hajui kusoma hata jina lake angeweza kupita bila kuulizwa. Watunga sheria wenyewe hawakuficha kwamba aliyelengwa ni Mhindi. Karatasi haikuwa na rangi. Rangi aliijaza afisa.

Ujanja huo ulipendwa. Mwaka huo huo wa 1897, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikutana London na mawaziri wakuu wa makoloni akawashauri wafuate mfano wa Natal, kwa sababu unazuia bila kumtukana mtu kwa maandishi. Australia ikauchukua mwaka 1901 na kuunoa zaidi: afisa anamsomea mgeni imla ya maneno 50 katika lugha ya Ulaya anayoichagua afisa mwenyewe. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague na mpinzani wa Hitler, alipofika huko walijua anazijua lugha kadhaa za Ulaya. Wakamsomea imla ya Kigaeli cha Uskoti! Ilibidi Mahakama Kuu ya nchi hiyo iseme kwamba hiyo haikuwa lugha iliyokusudiwa na sheria. Mtihani huo uliendelea mpaka 1958.

Hicho ndicho Durban ilichoipa dunia. Tunapozungumzia viza na fomu tusidhani tunazungumzia teknolojia ya jana.

WAZANZIBARI WA DURBAN

Kuna jambo la pili ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulijua zaidi kuliko wengine. Kuanzia 1873 Waingereza waliwaleta Durban mamia ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Walipitishwa Zanzibar, wakafikishwa Natal na kugawiwa kwa waajiri kama vibarua wa mkataba wa miaka mitano. Kwa hiyo aliyetoka utumwani baharini alishuka gatini akakuta mkataba unamngoja.

Kwa kuwa walipakiwa Zanzibar, huku waliitwa Wazanzibari, na jina likabaki. Wakaishi King's Rest, upande wa Bluff, kwenye ardhi iliyoshikwa na wadhamini Waislamu, wakatunza dini yao na Kimakua chao. Serikali ya ubaguzi ilipokuja na vitabu vyake vya rangi ikakwama: hawa ni nani? Ni weusi, lakini ni Waislamu na wana jina la kisiwa. Mwisho wakaandikwa katika fungu la Waasia Wengine. Miaka ya 1960 wakahamishwa kwa nguvu ya sheria ya maeneo ya makabila, wakapelekwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi. Wapo mpaka leo.

Naleta habari hii kwa sababu moja. Anachoandikwa mtu siku anayoingia hakiishii siku ile. Neno moja juu ya karatasi ya bandarini lilizaa jina, jina likazaa fungu, na fungu likaamua watu wajenge wapi baada ya miaka 90. Anayesema fomu ni urasimu tu, ajaze na anyamaze, naomba amfikirie mjukuu wa Mmakua aliyekuwa Mwasia kwa karatasi.

WENYEJI NAO WALIULIZWA KARATASI KWAO

Wapo wanaodhani Mwafrika Kusini hajui uchungu wa karatasi. Anaujua kutushinda. Mtu mweusi alitakiwa atembee na pasi katika mji wa nchi yake mwenyewe, na sheria za pasi hazikufutwa mpaka 1986. Tarehe 16 Desemba 1930, katika viwanja vya Cartwright's Flats hapa Durban, watu walikusanyika kuchoma pasi. Polisi walivamia, na aliyekuwa akiongoza, Johannes Nkosi wa chama cha Kikomunisti, akauawa.

Halafu kuna habari ya Mandela mwenyewe. Januari 1962 alitoka kwao kwa siri, bila pasipoti, akapita Bechuanaland na kufika Dar es Salaam. Tanganyika, iliyokuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, ilimpa karatasi. Ilimtaja ni nani, ikasema anaruhusiwa kutoka na kurudi. Basi! Hakuna taarifa ya benki ya miezi mitatu wala barua ya mwaliko yenye mhuri wa wakili. Tarehe 5 Agosti mwaka huo, akiwa njiani kutoka Durban kuelekea Johannesburg, alikamatwa karibu na Howick. Novemba akahukumiwa miaka 5 jela: mitatu kwa kuchochea wafanyakazi wagome, na miwili kwa kutoka nchini bila hati halali ya kusafiria. Miaka miwili ya mwanzo wa kifungo cha mtu yule, kisheria, ilikuwa ya kesi ya karatasi.

Kwa hiyo ninaposema huku Bondeni wanapaswa kujua zaidi, siwadai fadhila za Mazimbu. Nawakumbusha yaliyowapata wao.

NA SASA JE?

Tuje kwenye miaka yetu. Nitatenganisha karatasi za aina mbili, maana tukizichanganya tunapoteza kesi.

Aina ya kwanza ni kali lakini inajulikana. Mfano: Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Tangu kanuni za uhamiaji za Mei 2014, ukizidisha siku zako bila kuzidi 30 unatangazwa mtu asiyetakiwa na kufungiwa miezi 12. Ukipita siku 30 unafungiwa miaka 5. Inauma, lakini imeandikwa. Unajua kabla ya kupanda ndege. Anayeivunja hajaonewa na afisa. Sitamtetea kwa kelele, nitamwambia tu ahesabu siku kuanzia mhuri ulipogongwa.

Aina ya pili ndiyo mtoto wa 1897. Machi 2012 Wanijeria 125 walirudishwa kutoka uwanja wa OR Tambo Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao za chanjo ya homa ya manjano si za kweli. Kadi ile ya njano mtu anapewa kwao, na afisa wa kaunta hana maabara ya kumpima damu. Nijeria ikalipiza kwa kuwarudisha Waafrika Kusini, na ndani ya siku chache serikali ya Afrika Kusini ikaomba radhi. Swali langu ni hili: kama kadi zile zingekuwa za watalii kutoka Ulaya, zingetazamwa kwa miwani ile ile? Maneno yale ya 1897, akitakiwa na afisa, yalikuwa bado yanafanya kazi.

Mwaka 2014 Wakenya wakaanza kusumbuliwa na viza: kwenda wenyewe kituoni Nairobi, kulipa ada, kungoja bila kujua wanangoja nini. Kenya ikalipiza mwaka huo huo. Wafanyabiashara, wanafunzi na watu wanaokwenda kuzika ndugu zao wakawa katikati ya magongano ya wakubwa. Ilichukua mpaka Novemba 2022, Rais Ramaphosa alipokwenda Nairobi, kukubaliana kwamba kuanzia 1 Januari 2023 Mkenya aingie bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Miaka minane! Na siku viza ilipoondolewa Afrika Kusini haikuzama baharini.

Juni 2015 ikaanza kanuni ya watoto: mzazi anayesafiri na mtoto awe na cheti kamili cha kuzaliwa kinachoonyesha wazazi wote wawili. Shabaha ilikuwa nzuri, kuzuia biashara ya watoto. Lakini fikirieni Afrika yetu, ambako mama kalea peke yake, au baba kafariki na cheti kiliungua na nyumba. Aliyekuwa na fedha za wakili alipata karatasi, asiye nazo akaahirisha safari. Hata wenye hoteli zao wakalia, na Novemba 2019 kanuni ikalegezwa kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao. Hapo kuna somo. Kanuni ililegezwa baada ya kilio cha utalii, na wa kwetu walipolia peke yao hawakusikika.

Walio chini kabisa ni waomba hifadhi. Durban ina Wakongo wengi wa mashariki, wa Bukavu, Uvira na Goma. Ukipita mjini ukasikia Kiswahili, mara nyingi ni chao kuliko chetu. Wengine wanalinda magari mitaani huku wakiwa na shahada. Mtu anayefika mpakani na kusema anakimbia vita hupewa karatasi ya kupitia ili afike ofisi ya wakimbizi. Zamani ilikuwa ya siku 14. Tangu 2014 ni ya siku 5. Siku tano katika nchi asiyoijua, hana nauli, hajui Kiingereza wala Kizulu. Wakati huo huo ofisi zenyewe zikapunguzwa: baada ya Port Elizabeth kufungwa kwa waombaji wapya mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2012, kwa miaka kadhaa zilibaki Durban, Pretoria na Musina. Mahakama ya Rufaa iliamuru mwaka 2017 ya Cape Town ifunguliwe kufikia Machi 2018. Ilifunguliwa 2023.

Ukimpa mtu siku 5 na foleni ya wiki mbili, umeshamwandalia kosa kabla hajaanza. Na penye foleni ya namna hiyo dalali hachelewi. Mwaka 2015 shirika la Lawyers for Human Rights na kituo cha utafiti wa uhamiaji cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand walitoa ripoti kuhusu rushwa katika ofisi za wakimbizi. Karibu theluthi ya waliohojiwa walisema walikutana nayo katika hatua fulani. Hapa wale wa kundi la pili, wanaosema tumezidi vyeti vya kuchonga, nawajibu: ni kweli vipo, na aliyenacho asitetewe. Lakini cheti cha kuchonga kinapata soko pale ambapo cha halali hakipatikani kwa njia inayoeleweka. Ukitaka kumfukuza dalali, toa jibu kwa wakati na kwa maandishi.

Mahakama za huko zimeliona hili. Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vilivyosema mwomba hifadhi akichelewa kuhuisha karatasi yake kwa mwezi mmoja ahesabiwe kwamba ameacha maombi yake. Hao majaji si wageni, wala hawatuonei huruma. Walisoma katiba yao.

KARATASI IMETOKA KAUNTA IMEINGIA MTAANI

Jambo linalonifanya niandike leo ni hili. Mwaka 2025 makundi ya raia wa kawaida, hapa Durban na kwingineko, yalisimama kwenye milango ya hospitali na zahanati, Addington ikiwemo, yakidai kuona vitambulisho vya wagonjwa. Mwanamke mjamzito anaambiwa na kijana asiye na cheo chochote: toa karatasi. Akiwa na lafudhi, au akiwa mweusi kupita kiasi anachokipenda yule kijana, anarudishwa.

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg, katika kesi dhidi ya Operation Dudula, ilisema wazi kwamba mtu binafsi hana mamlaka ya kumdai mwenzake pasipoti au kitambulisho. Mamlaka hayo ni ya afisa uhamiaji na polisi, kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji ya 2002. Hukumu nzuri. Lakini tujiulize kijana yule alijifunza wapi. Nchi ikizoea kwa zaidi ya miaka 100 kwamba karatasi anaulizwa yule ambaye sura yake haikumpendeza muulizaji, haihitaji shule kumfundisha mtu wa mtaani. Kinachofanyika kaunta kwa sauti ya upole, mtaani kinafanyika kwa rungu. Aprili 2015, vurugu zilizoanzia Isipingo ziliwafanya maelfu ya wageni walale kwenye mahema hapa Durban, na kati ya sehemu mahema hayo yalipowekwa ni Chatsworth, kule kule walikopelekwa Wazanzibari.

NASI TUJITAZAME

Sasa kabla hatujapiga makofi, tugeuze kioo. Septemba 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliambiwa ni Wanyarwanda, Warundi au Waganda, wakavukishwa mpaka. Baadhi yao walikuwa wameishi Tanzania miongo mingi, wana wake, watoto na mashamba. Nani aliulizwa karatasi? Yule ambaye pua yake au jina lake halikumpendeza muulizaji. Tofauti yake na gatini Durban ni nini?

Julai 2025 serikali yetu ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo za aina 15. Wakenya wakalalamika, wakitukumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010. Mtu anaweza kuitetea amri hiyo, na ninawaelewa wanaoitetea, maana mmachinga wa Kariakoo naye ana njaa. Lakini hatuwezi kuitetea kwa maneno yale yale ambayo yakisemwa Durban tunayaita chuki.

Na ule wimbo wetu wa Afrika moja? Pasipoti ya Umoja wa Afrika ilizinduliwa Kigali Julai 2016 kwa mbwembwe, wakapewa marais. Itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru ikapitishwa Addis Ababa Januari 2018, na ili ianze kufanya kazi inahitaji nchi 15 ziiridhie. Kufikia 2024 zilikuwa zimeridhia nne tu: Rwanda, Mali, Niger, na São Tomé na Príncipe. Marais wana pasipoti ya Afrika, mwananchi ana foleni.

TUDAI NINI

Napendekeza tudai mambo manne, na tuyadai kwa kila nchi, kuanzia zetu.

1. Kila kinachotakiwa kwenye dawati kiandikwe na kitangazwe kabla mtu hajakata tiketi. Kama ni fedha za kujikimu, itajwe ni kiasi gani. Kama ni barua, itajwe isemeje. Lisilotangazwa lisiulizwe.

2. Kinachoulizwa kwa mmoja kiulizwe kwa wote wa aina hiyo ya safari. Kama ni kadi ya homa ya manjano, iwe kwa ndege nzima, isiwe kwa wale wa mistari ya nyuma.

3. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, papo hapo, pamoja na jina la ofisi ya kukatia rufaa na muda wa kujibiwa. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 33, inampa kila aliyeumizwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu za maandishi. Kwa hiyo hatuwaombi kitu kigeni. Na sisi tuliokuwa nje tuache tabia ya kunyamaza kwa aibu. Ukikataliwa, omba karatasi ya kukataliwa na uitunze. Malalamiko bila maandishi hayafiki popote.

4. Ukaguzi wa karatasi ubaki mikononi mwa afisa mwenye kitambulisho. Asipewe jirani, nesi, mwalimu wala kikundi cha mtaani.

Kuna atakayesema haya ni madogo, afadhali tudai mipaka yote ifunguliwe kesho. Siku hiyo ikija nitacheza ngoma. Lakini mipaka haitafunguliwa kesho, na mama wa Uvira anafika mpakani wiki hii na siku zake tano. Kwake yeye kuna tofauti kubwa kati ya afisa anayeweza kumwambia hapana bila sababu na afisa anayelazimika kuiandika hiyo sababu, akaisaini na kuweka tarehe. Natal ya 1897 ilimlazimisha mgeni aandike kwa mkono wake mwenyewe. Mimi naona ni zamu ya afisa kuandika.

Naomba kuwasilisha.